Tarumbeta Limekohoa

Jumamosi hii, kwenye msafara wa harusi ya binamu yangu, gari langu limezima bendi nzima ya matarumbeta katikati ya Barabara ya Sam Nujoma. Wapigaji walikuwa nyuma yangu, wamesimama kwenye kirikuu, mashavu yamevimba. Foleni ikaachia, nikakanyaga mafuta, na Subaru yangu yenye tabo ikatema moshi wa bluu uliowafunika wote pamoja na ngoma yao. Wimbo ukakatika. Kikafuata kikohozi cha sauti tatu, besi ikija mwisho. Mpiga video, aliyelipwa amfuate bibi harusi, akageuza kamera kwangu. Kipande hicho kimeshaingia kwenye grupu la familia, na shangazi ameandika chini yake: "Poleni na msiba."

Fundi amefungua tabo na kuitikisa shafti kwa vidole viwili. Inacheza. Oili ilikuwa inapenya na kuungua, ndiyo ule ubluu.

Ukijua tabo inaishi maisha gani, utashangaa hata inavyofika Mwenge. Upande mmoja, moshi wa injini wenye joto linaloweza kufika nyuzi 900 unazungusha panga. Upande wa pili, panga jingine kwenye shafti ileile linashindilia hewa ndani ya injini. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye tabo nyingi haishikwi na golori: inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Oili hiyohiyo ndiyo inayobeba joto. Ukitoka mbio ukazima injini papo hapo, oili iliyobaki mle inaungua na kushika kama ukoko wa wali.

Mswisi Alfred Büchi aliomba hataza ya mtambo huu mwaka 1905. Hakujua ungeishia mikononi mwa muuza spea aliyeniambia, "Bosi, weka hii 20W-50, nzito, inafaa joto la Dar."

Ile W ni ya baridi. Oili ya 5W inapimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri kuona kama injini itakubali kuzunguka. Namba ya pili ndiyo ya joto, inapimwa kwenye nyuzi 100. Nusu ya maandishi inazungumzia baridi ambayo hata friza la samaki halijawahi kuiona! Lakini inatuhusu: hata asubuhi ya Dar, oili ya 20W hujikokota zaidi kufika kwenye tabo kuliko ya 5W, na shafti haina subira.

Kitabu cha gari kimeeleza yote haya, kwa Kijapani. Gari limeshushwa bandarini, likakaguliwa, likatozwa ushuru, likapewa namba, na katika mihuri yote hiyo hakuna aliyeona haja ya kunipa ukurasa mmoja ninaoweza kuusoma. Ushuru wenyewe nilidaiwa kwa Kiswahili fasaha. Injini ikifa, tunaambiwa hatujui kutunza magari. Hapa sicheki.

Sasa nimehamia 5W-40, lakini galoni niliyonunua juzi ilikuwa na kizibo kilichokwisha kufunguliwa, dalili ya kujazwa upya. Na kwa kuwa siku hizi nakaa garini tabo ipoe kabla ya kuzima injini, nikiukwepa ule ukoko, mke wangu anataka kujua naongea na nani.

Leo fundi amemaliza kumimina oili mpya, akaniomba galoni tupu "ya kuwekea maji." Nimempa, baada ya kuitoboa kwa bisibisi pande zote. Ameitazama, akaniuliza kama tumegombana.