Sita, Pumzi, Mbili

Siku ya nne baada ya kurudi kutoka Msimbati, gari lilikataa kuondoka. Halikuzimika. Injini iliunguruma vizuri tu, nikaachia breki nje ya soko, nikakanyaga mafuta, likajikokota kama lililofungwa kamba kwenye shina la mkorosho. Bajaji zikapiga honi nyuma yangu. Lilipofika mwendo wa 60 likalainika na kukimbia kama zamani, lakini kwenye dashibodi taa ndogo ya O/D OFF ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Ni gari dogo la Kijapani la mwaka 1998, la oto. Alilinunua marehemu baba mkwe, na mpaka leo mama mkwe halitaji kama chombo. Husema, “Yeye ameamkaje leo?”

Fundi wa kwanza alizunguka nalo mtaa mmoja, akashuka akasema gia boksi limekufa. La mtumba lingeletwa kutoka Dar es Salaam kwa milioni moja na laki mbili, kazi ya kufunga mbali. Fedha hiyo tulikuwa nayo, na hapo ndipo kisa kilipotuingia nyumbani, kwa sababu ilikuwa fedha ya salfa. Mwenye mikorosho anaelewa. Ugonjwa wa ubwiri unga ukiwahi maua kabla ya salfa, Oktoba utakwenda shamba kuokota majani.

Mume wangu alitaka tulipe, nikakataa. Usiku ule tulikula kimya, na kimya kile kilikuwa na jina langu ndani yake. Maana ni mimi niliyekuwa kwenye usukani siku tulipompeleka mama msibani Ruvula. Kutoka Msimbati tulifuata mchanga mgumu wa ufukweni, maji yakiwa yamekupwa, kama wafanyavyo wengi. Lakini yalikuwa maji ya bamvua, yanayotoka mbali na kurudi juu sana, nasi tulichelewa kuaga. Wakati wa kurudi, sehemu mbili magurudumu yalizama nusu katika bahari. Nyumbani nililiosha gari likang'aa. Chini yake sikupeleka hata ndoo moja ya maji baridi.

Shemeji yangu, aliyesomea umeme wa magari VETA, alikuja kwa basi kutoka Newala. Hakufungua chochote. Aliniuliza kwanza, “Shemeji, ukilitia L linakuwaje?”

“Linapata nguvu kidogo, ila si sana.”

“Na likishachanganya?”

“Halina tatizo.”

Akawasha injini, akaiacha ipate moto, akapitisha gia zote hadi kurudi P, kisha akachomoa stiki ya gia boksi injini ikiendelea kuunguruma. Akaifuta kwenye kitambaa cheupe cha mama. Ilitoka nyekundu, safi. Akanusa, akampa mama naye anuse. “Sahani za ndani zikiungua, oili hii huwa nyeusi na hunuka. Hili halijafa. Lakini mkiendelea kuliondoa hivi kila siku mtaliua, maana linaondokea gia ya tatu.”

Nilimwomba anieleze, na maelezo yake nayathamini kuliko kazi ya mikono yake. Ndani ya boksi la gari kama letu, alisema, vali mbili ndogo za umeme ndizo zinazoamua oili ipite njia gani. Ya kwanza ikipata umeme peke yake, unapata gia ya kwanza. Zikipata zote mbili, ya pili. Ikibaki ile nyingine peke yake, ya tatu. Zikikosa umeme zote, ya nne. Kwa hiyo vali ya kwanza ikinyimwa umeme, gia ya kwanza na ya pili hupotea pamoja, hata kama vyuma vyake ni vizima kabisa. Nikaliona soko lote tena mbele ya macho yangu, na gari likihangaika kuondoka kwa gia ya mwendo kasi.

Giza lilikuwa limeingia. Shemeji akafungua boneti, akaunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili ya kisanduku cha kupimia, TE1 na E1, akageuza swichi bila kuwasha injini. Kompyuta ya gari, alisema, itasema yenyewe kwa taa. Sote watatu tukainamia dashibodi.

“Nane,” akasema mume wangu.

“Nane,” nikasema na mimi.

Mama, aliyesimama mlangoni mwa gari akiwa amejifunga kanga, akasema, “Hapana. Sita. Halafu anavuta pumzi. Halafu mbili.”

Tukahesabu tena. Sita, pumzi, mbili. Namba 62 ni ile vali ya kwanza.

Asubuhi shemeji aliingia chini ya gari. Vali aliipima kwa mita bila kufungua boksi, ikasoma omu 13, na nzima husoma kati ya 11 na 15. Ugonjwa ulikuwa kwenye plagi inayopeleka umeme. Alinionyesha kiganjani: pini imeota ukijani, waya wake umeliwa na chumvi ukabaki kama uzi. Akakata sehemu iliyooza, akaunga kwa risasi, akasafisha pini, akapaka grisi, akatoa waya wa betri kidogo ili kompyuta isahau. Nilipoweka D, gari liliondoka kwa gia yake ya kwanza. Mume wangu alikuwa kando yangu. Aliweka mkono wake juu ya wangu kwenye gia, akauacha pale hadi tulipofika barabara kuu.

Salfa tulinunua. Arobaini ilipofika tulimpeleka mama Ruvula tena. Lami na vumbi vilipokwisha na mchanga ukaanza kung'aa mbele, mama alinigusa bega.

“Simama hapa, mwanangu. Yeye apumzike kivulini. Sisi tutatembea.”