Maadamu Umesimama

Mimi ni mhasibu, na mhasibu hulipwa kwa kukaa. Ukimwona amesimama ujue kuna risiti imepotea. Miaka yote hiyo nilikalia kiti ambacho gesi yake ilikwisha zamani, kile ambacho ukikikalia asubuhi kinashuka polepole, na ikifika saa nane mchana kidevu kinasoma hesabu pamoja na macho. Mgongo ulivumilia. Kisha ukaja msimu wa ukaguzi, nikainama kuokota kalamu, nikabaki huko huko chini.

"Kaka, unatafuta nini?" akauliza dada wa mapokezi.

"Natafuta namna ya kunyanyuka."

Mwanaume akisema kiuno kinamuuma, Dar es Salaam nzima inaelewa jambo jingine. Muuza mizizi pale kituoni hakunisubiri nimalize maelezo. Alinipa chupa ya maji ya kahawia, akanikonyeza, akasema, "Bosi, shemeji mwenyewe atakuja kunishukuru." Shemeji mwenyewe aliinusa mara moja, akaiweka juu ya kabati pamoja na chupa za sumu ya mende. Iko huko mpaka leo.

Mtaalamu wa fiziotherapia alikuwa na maneno machache zaidi. Akanipinda, akaninyoosha, akasema hakuna pingili iliyohama wala diski iliyopasuka. Maumivu mengi ya mgongo wa chini, kama tisa katika kila kumi, hayana kisababishi kimoja unachoweza kukinyooshea kidole. Akaniambia nisijione mpweke, mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na tatizo hilo. Sikufarijika sana, ila nilipata takwimu ya kuweka kwenye barua.

Kwa sababu barua ya kuomba meza mpya ilibidi iandikwe. Nilikuwa nimesoma habari za meza zenye injini, unazobonyeza kitufe zikapanda ukafanya kazi umesimama, ukichoka unazishusha unakaa. Nilimkuta humo Alf Nachemson, daktari wa mifupa wa Uswidi, ambaye miaka ya 1960 yeye na wenzake waliwachoma watu wazima na akili zao sindano mpaka ndani ya diski za mgongo ili kupima mgandamizo. (Sijui waliahidiwa nini. Mimi kwa sindano ya malaria tu hushikwa na watu wawili.) Ikaonekana kwamba ukikaa bila kuegemea, mgandamizo unazidi ule wa kusimama. Baadaye, mwaka 1999, vipimo vya Ujerumani vilionyesha kuwa mtu aliyejiegemeza kitini kwa raha zake anaweza kuwa na mgandamizo mdogo kuliko aliyesimama. Barua yangu iliishia kwa yule Mswidi.

Meza ikaja ndani ya boksi bapa, na mzee wa stoo akaipokea na kuiandika kwenye daftari kuwa ni mlango. Tulipoifunga, ofisi nzima ilikuja kuibonyeza. Iliimba ikipanda, ikaimba ikishuka. Kijana wa TEHAMA aliweka kikombe cha chai juu yake kuona kama itamwagika, nayo haikuiangusha heshima ya walioiunda.

Maelekezo yanasema kiwiko kikunjwe nyuzi 90 na ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho. Kwa mwenye laptopu hayo mawili hayakai pamoja: ukiweka vitufe usawa wa kiwiko, skrini inakutazama tumbo. Nikapewa kibodi ya pembeni, na laptopu nikaipandisha juu ya katoni ya karatasi za A4, rimu tano, kimo safi kabisa. Nilichosahaulishwa na furaha ni kwamba karatasi za ofisi zina wenyewe. Jumatatu mtu wa manunuzi alikuja na tabasamu, akavuta rimu moja. Jumatano mbili zikaenda kwenye mafunzo. Ijumaa nilikuwa nimesimama wima kama askari wa gwaride huku shingo imekunjwa natazama kifungo cha suruali.

Lakini hayo ni ya ufundi. Shida ya kweli ilikuwa watu. Ofisini kwetu hakuna anayesimama bila sababu. Aliyesimama anatoka, au ametumwa, au anasubiri kutumwa. Siku ya kwanza tu nilisikia sauti nyuma yangu: "Kaka, maadamu umesimama, hebu nisaidie kuchukua zile karatasi pale kwenye fotokopi." Nikaenda. Niliporudi: "Maadamu umesimama, nifungulie dirisha." Mama wa masijala, ambaye kwa umri ni mama yangu hasa na siwezi kumkatalia, alinituma ghorofa ya chini kuangalia kama mama ntilie amefika, halafu akanirudisha kumwambia chapati zisiwe na mafuta mengi. Nilipojaribu kueleza kwamba nimesimama kikazi, waliniangalia kwa huruma.

Wageni ndio walinimaliza. Mkubwa akiingia unamwinukia, ndivyo tulivyolelewa. Sasa utamwinukiaje umeshainuka? Mkaguzi mmoja mzee alipoingia nilibaki nimeduwaa, shikamoo ikatoka ikiwa haina mwili. Nikaamua kubonyeza kitufe. Mzee akasubiri mlangoni meza ikiimba polepole kushuka, nikaketi, kisha nikainuka kwa adabu zote. "Marahaba," akasema, akikaa kwa tahadhari. Siku nyingine aliyekuja alikataa kukaa kabisa maana mwenyeji amesimama, nami sikukaa maana mgeni amesimama, tukapitia bajeti nzima ya mradi hivyo, kila mmoja akimwambia mwenzake "tafadhali."

Na umeme, bila shaka, ulikatika. Ulikatika meza ikiwa juu. Jenereta yetu inahudumia seva na kiyoyozi cha mkurugenzi, haina habari na fanicha. Ernest Hemingway aliandika amesimama nyumbani kwake Cuba, lakini taipureta yake haikuwa na injini miguuni. Mchana kutwa niliandaa hundi nimesimama, viatu vya ngozi vikinibana mpaka nikahisi mapigo ya moyo kwenye kidole gumba. Jioni mgongo ulikuwa unauma upya, kwa mtindo mwingine. Nilipouliza nikaambiwa ni kawaida: huko Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, watafiti waliwasimamisha kwa saa mbili watu wasio na historia ya mgongo, na wengi wao wakaanza kuumwa mgongo papo hapo.

Hata kupungua mwili hakuna. Watafiti wa Marekani waliojumlisha tafiti nyingi mwaka 2018 walipata kuwa kusimama kunachoma kama kilokalori 0.15 kwa dakika zaidi ya kukaa. Nikapiga hesabu, ndiyo kazi yangu: saa sita za kusimama ni kilokalori 54. Hiyo hailipi andazi moja. Jioni hiyo nikapanda daladala ya Gongo la Mboto, imejaa, nikasimama mpaka mwisho wa njia, konda akitupigia kelele tusogee nyuma. Hakuna aliyeniambia hiyo ni afya, na haikuhitaji barua.

Sasa sikiliza ajabu. Baada ya miezi michache mgongo ukatulia. Nainama, naokota kalamu, nainuka nayo. Mtaalamu wangu hakushangaa. Alinihoji siku yangu inavyokwenda, nikamtajia dirisha, fotokopi, chapati na ngazi za ghorofa mbili, akacheka mpaka akavua miwani. Mgongo, akasema, haupendi kuganda, iwe umekaa au umesimama. Wewe umepata watu wa kukukumbusha bure kila robo saa.

Kwenye fomu ya tathmini ya vifaa, hata hivyo, kulikuwa na sehemu moja tu: "Je, meza imesaidia?" Nikajaza ndiyo. Mkurugenzi aliisoma, akaagiza ya kwake, pana zaidi, ina kumbukumbu za vimo vinne. Akasimama mbele yake kuanzia asubuhi mpaka jioni, hasogei, chai inamfuata, faili zinamfuata, hata dirisha anafunguliwa. Mwezi haujaisha akaanza kutembea ameshika kiuno. Fundi akaitwa kukagua injini, akaikuta nzima.

Wiki iliyopita nimepokea waraka wa ndani: meza zetu zibadilishwe, yangu iende kwake kwa kuwa ndiyo iliyothibitika kufanya kazi. Imeshahamishwa, na katoni yake ya karatasi. Na mtu wa kumwambia mkurugenzi, "Maadamu umesimama, hebu shuka chini uangalie kama chapati zimefika," bado hajaajiriwa.