Namna ya Kuokoa Mikoko ya Salender Kabla ya Chakula cha Mchana

Bosi katangaza: Jumamosi ofisi nzima inakwenda kupanda mikoko kwenye mdomo wa Mto Msimbazi, pale Daraja la Salender. Usinune, ndugu yangu. Fanya nitakavyokuelekeza, saa saba uko mezani unakula na picha zako zinapendwa.

1. Anzia Kariakoo. Miche itapatikana, fulana ndiyo kazi. Mwambie mchapaji nembo ya kampuni ikae kifuani, kubwa. Neno "mazingira" alipeleke mgongoni. Pitia Mtaa wa Kongo uchukue gambuti nyeupe, maana kwenye nyeusi tope halionekani, na tope ndilo ushahidi.

2. Usimuulize mtu maji yanapwa saa ngapi. Wavuvi wa Feri wanajua, lakini wakikwambia utaharibu ratiba. Mgeni rasmi anafika saa nne; bahari itajipanga. Miche ikizama, sema ni mabadiliko ya tabianchi.

3. Sasa upande. Wajuzi huchana kiriba cha nailoni kabla ya kufukia mche, ili mizizi itoke. Wewe kiache. Kinashikilia udongo, mche unasimama wima, na vidole vinabaki safi kwa ajili ya simu. Chuchumaa, usipige goti. Shika shina kwa vidole viwili kama unayempima mtoto joto, tazama kamera, tabasamu kwa huruma. Kisha mpishe mwenzako, mche ni huohuo. Niliwahi kuona mche mmoja ukipandwa na idara nne. Walipofika wahasibu ukakatika, ikabidi uegemezwe kwenye koleo. Picha ilitoka nzuri kuliko zote.

4. Jihadhari na mjuaji. Kila msafara unaye, mara nyingi ni kijana wa stoo. Atakwambia mkoko unajipanda wenyewe: mbegu yake huchipua ingali mtini, ikadondoka na kujichomeka topeni. Atakwambia kinachoua mikoko ya hapa ni taka. Kwamba Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Jangwani, ubavuni mwa Kariakoo, na kila tunachotupa mtaroni unakishusha hapa. Anasema kweli, na hilo ndilo tatizo lake. Mpe bango alishike. Upepo wa baharini utamnyamazisha.

5. Taka usiokote. Aliyeinama hupigwa picha kisogo. Tena mmekuja na katoni za maji, chupa tupu mtazirudisha mjini za nini? Marufuku ya Juni 2019 iligusa mifuko ya plastiki, si chupa. Nazo zimeshafika mwisho wa safari, mmeuokolea mto kazi ya kuzibeba.

6. Ripoti iandike usiku huohuo. Hesabu miche iliyoshushwa garini, si iliyofukiwa, na iliyopona usiitaje kabisa: kuihesabu kunataka kurudi, na gambuti utakuwa umeshamgawia shemeji. Mkurugenzi akisema ndio kwanza mkoko unaalika maua, piga makofi wa kwanza.

Fulana itunze. Mwakani mnaitwa tena, na nafasi ya kupanda itakuwepo, palepale.