Mwizi Aliyekuwa Akivaa

Mwandishi wa makala haya aliwahi kufanya kazi ya mapokezi katika nyumba moja ya wageni, Mji Mkongwe, Unguja. Sifa iliyompatia kazi hiyo ilikuwa moja tu: siku ya usaili alimwaga Kiingereza dakika kumi mfululizo bila kuvuta pumzi. Baadaye ndipo alipogundua kuwa mwenye nyumba hakuelewa hata neno.

Wiki ya tatu, mgeni mmoja Mwingereza, mzee aliyestaafu ualimu, alikwapuliwa mkoba sokoni Darajani. Mwandishi alikuwa amefuatana naye na aliona kila kitu: kijana aliibuka, akaupitia mkoba begani, akatokomea vichochoroni. Mzee hakulalamika sana. Aliomba tu aandikiwe maelezo ya tukio kwa Kiingereza, ayapeleke kwa watu wake wa bima. Mwandishi akavuta kiti, akajaza ukurasa mzima, na katikati yake akaweka sentensi aliyoionea fahari: "The thief was putting on a yellow jersey."

Mzee akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu asiyetaka kumuudhi mwenyeji wake: huyo mwizi, mkoba aliuchukua kabla ya kuingiza mikono kwenye jezi, au baada?

Kwa mwandishi, "put on" ilikuwa kuvaa, na kuvaa ni kuvaa. Ndivyo wanavyoitumia watu wengi Afrika Mashariki, Kampala hadi Mombasa, na hakuna anayeshtuka. Kwa Mwingereza, "put on" ni lile tendo lenyewe: kichwa kinatafuta tundu, mkono mmoja umepotelea ndani ya nguo. Nguo ikishakaa mwilini, "put on" imemaliza kazi na "wear" inashika zamu. Kwa hiyo "He put on a jersey and went out" ni sawa, maana alivaa kisha akatoka. "He was wearing a jersey" ni sawa pia, maana alikuwa amevaa. Lakini ile sentensi ya kwenye karatasi ya bima ilimwonyesha kijana aliyesimama tumbo wazi katikati ya soko, mkono mmoja ukihangaika na jezi, mwingine ukihangaika na mkoba.

Habari haikuchukua muda kufika jikoni. Mpishi, mama wa makamo asiyejua kucheka kwa sauti ndogo, akatoa hukumu yake palepale: "Basi huyo mwizi mstaarabu. Wenzake hukimbia, yeye kaona avae kwanza."

Kilichomuuma zaidi mwandishi ni kwamba tofauti hiyo aliijua tangu utotoni. Mtoto wa chekechea akiambiwa mjomba anavaa, husubiri nje ya mlango. Akiambiwa mjomba amevaa, huingia. "Anavaa" na "amevaa" hazijawahi kumchanganya mtu aliyenyonya Kiswahili. Kiingereza kinatumia vitenzi viwili pale Kiswahili kinapobadilisha silabi moja, na mwandishi, kwa haraka zake, alikuwa amevichota vyote viwili kwa kata moja.

Faraja aliipata kwa Waingereza wenyewe. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikiri kwamba vitenzi vya aina hii, vinavyogeuka maana kwa kufuatwa na kijineno nyuma yake, ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko zote. Jina la "phrasal verb" lilikuja kuzoeleka kupitia kitabu cha Logan Pearsall Smith cha mwaka 1925, naye alieleza kuwa alipewa jina hilo na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford. Ugonjwa ulijulikana zamani, basi, na waliougua kabla ya mwandishi walikuwa wengi.

Mzee naye, ualimu ulikuwa umemtoka kwenye mshahara tu, si damuni. Kila asubuhi, mbele ya chapati na chai ya maziwa, akawa anatoa somo. Siku moja alishuka ngazi akiwa na furaha isiyo ya kawaida. Alikuwa amesimama mbele ya mtungi wa kuzimia moto na kusoma tangazo ambalo mwandishi alilibandika kwa mkono wake: "Use this to put off fire." Kuzima moto, akaeleza, ni "put out". "Put off" ni kuahirisha, kama katika "They put off the meeting until Monday". Wageni wote wa ghorofa ya pili walikuwa wakiagizwa kwamba nyumba ikiwaka, wauahirishe moto.

"Uahirishwe mpaka lini?" akauliza mlinzi alipotafsiriwa.

Akajijibu mwenyewe kwamba Jumatatu ingefaa, kwa sababu Jumapili yeye hupumzika.

Taratibu mwandishi akaanza kuona mchezo unavyochezwa. Kiswahili nacho hugeuza maana kwa kuchezea mwisho wa kitenzi: funga ikawa fungua, vaa ikawa vua, pika ikawa pikia. Ila mkia wetu umeshonewa. Mkia wa Kiingereza hutembea. Mtu anaweza kusema "put on the jersey", na anaweza pia kusema "put the jersey on", jezi ikakaa katikati na kijineno kikasubiri mwisho wa foleni. Tatizo huja jezi ikishaitwa "it". Hapo hakuna hiari: ni "put it on", wala Mwingereza hasemi "put on it" akimaanisha kuvaa. Mwandishi aliisahau kanuni hiyo mara nne kwa siku moja. Siku ya pili, akipanga vikombe mezani, ikamjia kwamba hata yeye husema "nimeivaa", na ile "i" ya jezi hubanwa katikati ya neno, haina ruhusa ya kutoka nje. Kiingereza hufanya vilevile, "it" hubanwa katikati ya "put" na "on". Alipomweleza mzee, mzee akagonga meza kwa furaha na kumwaga chai. Tangu siku hiyo mwandishi hakukosea tena kwa "put it on".

Akakosea kwingine. Siku ya kuagana aliomba kitabu cha wageni ili naye aandike neno la shukrani. Alikuwa amejifunza kwamba "put someone up" ni kumpa mtu malazi: "We can put you up for two nights." Akaona sentensi yake ni fupi mno kwa mgeni wa heshima kama huyu, akaiongezea neno moja liipendezeshe. "It was a pleasure," akaandika, "to put up with you." Mzee alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku lake. "Put up with" ni kumvumilia mtu anayekera.

Mwaka uliofuata mzee alirudi, safari hii akiwa amejifunza Kiswahili kwa miezi kadhaa. Alivuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, na saa saba mchana simu ya mwandishi ikapokea ujumbe: "Nimefika bandarini. Ninavaa shati jekundu."

Mwandishi aliusoma kwa makini ya mtu aliyewahi kuumbuka. Pengine mzee alichafuka na mawimbi, akafikiri, na sasa anabadilisha nguo. Si adabu kumfuma mtu mzima katika hali hiyo. Akamwambia dereva wa teksi wamalizie kahawa yao kwanza, wala hapana haraka.

Walipofika bandarini Malindi nusu saa baadaye, mzee alikuwa amesimama juani nje ya geti, shati jekundu limemgandia mgongoni, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni.

Mwandishi akashuka, akapokea sanduku. "Shikamoo, mzee," akasema. "Umeshamaliza?"