Jinsi ya Kukosea Chanzo cha Ugonjwa kwa Hatua Tano

Anayetaka kukosea chanzo cha ugonjwa hahitaji kuwa mjinga. Mantiki ya kawaida inamtosha, mradi aishie njiani. Mwongozo huu unampa hatua tano za kufika kwenye kosa, na mwenye kujali uhai wa watu azisome ili azikwepe.

Mfano wetu ni wa kweli. Mwezi Juni 2016, katika vijiji vya Chemba na Kondoa mkoani Dodoma, na kwa majirani zao wa Kiteto mkoani Manyara, watu walianza kutapika na kuharisha. Macho yakawa manjano, matumbo yakajaa maji. Hadi uchunguzi unakamilika, wagonjwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki.

1. Kamata kilichotangulia. Habari za mwanzo zilitaja nyama ya ng'ombe iliyoliwa na familia moja huko Chemba. Walikula, wakaugua, kwa hiyo nyama ndiyo iliyowadhuru. Hoja inaishia hapo, na kosa limekamilika. Familia hiyohiyo ilikunywa maji na kula ugali, tena kila siku. Nyama hukumbukwa kwa sababu ni nadra. Ugali hakuna anayeutaja, kwa kuwa haukosekani. Kutangulia si kusababisha.

2. Geuza kanuni kichwa chini. Homa ya manjano ikiwa kali hugeuza macho manjano. Mgonjwa huyu ana macho ya manjano. Basi ana homa ya manjano. Mwaka huohuo ugonjwa huo ulikuwa ukiua watu Angola na Kongo, kwa hiyo kuushuku kungekuwa busara, ila kuuthibitisha kwa njia hiyo ni kosa. Ini likiumia kwa sababu yoyote, macho yanaweza kugeuka rangi hiyo. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkulima wa Chemba ameona mawingu mengi yakipita bila kudondosha tone.

3. Tegemea uzoefu peke yake. "Tangu enzi za babu tunakula mahindi haya, hajafa mtu." Huku ni kutoka kwenye mifano mingi hadi kwenye kanuni, na kanuni hiyo hudumu mpaka siku inapovunjika. Sumukuvu, sumu iliyokuja kukutwa kwenye mahindi ya wagonjwa, hutengenezwa na kuvu wanaoota pale ukame unapoyatesa mahindi shambani, au unyevu unapoyakuta ghalani. Kiwango chake hubadilika mwaka hadi mwaka, gunia hadi gunia, hata punje hadi punje. Haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Mahindi ya babu yalikuwa ya mwaka mwingine. Vivyo hivyo, sampuli moja iliyo safi haisafishi ghala zima.

4. Chagua maelezo yasiyoweza kushindwa. Sema ni uchawi. Mtoto akipona, dawa ya mganga ilikuwa na nguvu. Akifa, mchawi alikuwa na nguvu zaidi. Maelezo yanayokubaliana na kila matokeo hayaelezi tokeo lolote, na muda yanaoula ni muda ambao mtoto angekuwa hospitalini.

5. Waulize wagonjwa peke yao. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ukiwauliza wagonjwa tu, utakuta wote wamekula ugali, na hutajua kama jambo hilo lina maana, kwa sababu kijiji kizima kimekula ugali.

Wachunguzi wa 2016 walifanya kinyume. Walikuwa na dhana nzuri ya kuanzia: mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, sumukuvu iliwafanya watu 317 waugue na kuua 125 kati yao, kwa dalili za aina hiyohiyo. Lakini dhana inayoeleza vizuri kuliko nyingine bado ni dhana. Wakaenda kwenye kaya zilizougua na kwenye kaya ambazo hazikuugua, wakachukua mahindi kote kuwili na kuyapima. Kwa wagonjwa walikuta sumukuvu kati ya mikrogramu 10 na 51,100 kwa kilo. Kwa wazima, kati ya 2.4 na 285. Kikomo cha Tanzania ni 10.

Tazama vizuri namba hizo. Hata kwenye kaya zisizougua kulikuwa na mahindi yaliyopita kikomo mara nyingi. Kuwa mzima leo si ushahidi kwamba chakula ni salama. Sumu hiyohiyo, kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini.

Mantiki nayo ina mwisho wake. Inaweza kumwambia mama wa Chemba kwamba gunia lake lina sumu, lakini haimpi gunia lingine. Hapo ni kazi yetu sote: maafisa ugani wafike kabla ya mavuno, mahindi yaanikwe juu ya turubai badala ya udongo, yahifadhiwe yakiwa yamekauka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na mtama na uwele virudishiwe nafasi yake kwenye mashamba ya ukame.

Nawe uliyeko zahanati, ukikutana na ugonjwa usioujua, waulize wagonjwa walikula nini. Kisha nenda kwa jirani aliye mzima, umuulize swali hilohilo.