Sifa za Tatu kwa Sita

Watu wa mjini tukitaka kuzungumzia ndoa mbele ya watoto, tunataja vipimo vya kitanda. "Mambo ya sita kwa sita," tunasema, na kila mtu mzima anatazama pembeni. Sijawahi kusikia mtu akisema mambo ya tatu kwa sita. Kitanda hicho kimeachiwa wanafunzi wa bweni, wagonjwa wa wodini, vijana wa JKT na mgeni ambaye hatutaki akae sana. Ukikitaja ukumbini siku ya harusi, watu watadhani unamwapiza bibi harusi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa darasa la nne, mkazi wa Mbagala, mke wa mtu kwa miaka 11. Desemba iliyopita shule zilipofungwa nilikwenda Dubai kumtembelea mume wangu, nikalala juu ya tatu kwa sita siku tatu mfululizo. Kwa ushahidi huo nasimama kukitetea.

Nianze na nasaba, maana asifiwaye sharti atajiwe wazee wake. Vitanda vya bibi zetu wa pwani vilikuwa vya mbao, vimesukwa kwa kamba, vyembamba na vyepesi. Asubuhi mtu alikitoa uani, akakianika juani, akakirudisha jioni. Wageni wakizidi, watoto walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na ugomvi mkubwa ulikuwa nani hajaosha miguu. Sita kwa sita ni mtoto wa juzi, kaja na magodoro ya sponji na mafundi wa Keko. Hata mlangoni hapiti. Cha kwetu kiliingia vipande vipande, na ubao wa mchagoni ulipogoma, fundi aling'oa fremu ya mlango na kutudai fremu mpya. Tatu kwa sita hupita popote. Na siku ya safari ya mwisho, tajiri na maskini hutoka nyumbani juu ya kitu chembamba kuliko hicho. Jeneza la sita kwa sita sijaliona.

Fadhila yake ya kwanza ni ukweli wa hesabu. Deira, upande wa zamani wa mji, kuna biashara inayoitwa bedspesi. Hupangi nyumba, hupangi chumba, unapanga kitanda. Mume wangu, Baba Rehema, anafanya kazi kwenye ofisi ya kago, anafunga mizigo ya wafanyabiashara wa Dar na Mombasa. Wanaishi wanaume sita katika chumba kimoja chenye dabodeka tatu. Yeye yuko chini. Miaka miwili sasa anachomiliki katika mji ule ni futi 3 kwa futi 6, yaani futi za mraba 18. Na pesa anazookoa kwa kukaa ndani ya hizo 18 ndizo zilizonunua sita kwa sita iliyoko Mbagala, yenye futi za mraba 36, ambayo yeye mwenyewe ameilalia likizo moja tu. Ukimkuta mtu anakidharau kitanda chembamba, muulize kwanza kile kipana kimelipiwa na nani.

Tena mji wenyewe umejengwa kwa fikra za dabodeka. Watu huenda Dubai kuushangaa Burj Khalifa, mita 828, ghorofa zaidi ya 160. Nami nilisimama chini nikakunja shingo, bure, bila kukata tiketi ya kupanda. Nikaona ni kile kile cha bwenini: ukikosa upana, panda juu. Tofauti ni kwamba pale hakuna kiranja wa kuzima taa.

Fadhila ya pili ni kwamba hakina unafiki. Baba Rehema aliomba hoteli chumba cha watu wawili, na chumba kilikuwa cha watu wawili kweli: kila mtu na chake, tatu kwa sita huku, tatu kwa sita kule, na katikati kikabati kilichopigwa skrubu ukutani, juu yake simu ya mezani. Tulijaribu kukisogeza. Kijana wa mapokezi alikuja, akatusaidia kukitazama, akasema kitanda kikubwa labda kitapatikana Jumatatu. Jumatatu ndiyo siku ya ndege yangu. Nilikuwa nimebeba cheti cha ndoa kwenye pochi, kimetiwa plastiki, nikitarajia kuulizwa mlangoni. Hakuna aliyeuliza. Nikabaki natamani kukionyesha kile kikabati.

Kitanda kimoja tukalipa sanduku langu, lililokuja na unga wa sembe, dagaa na pilipili ya kusaga. Lilistarehe, limenyooka, lina mto wake. Sisi tukachukua kile cha pili. Futi za mraba 18 kwa watu wawili ni tisa kwa kila mmoja, nami nawaambia wanafunzi wangu kila siku kwamba kugawanya hakupunguzi jumla.

Hapo ndipo kilipoonyesha fadhila ya tatu, nayo ndiyo kubwa: kitanda chembamba hakifichi kitu. Usiku wa kwanza niligundua kwamba mume wangu ananong'ona. Kule simu za WhatsApp hazipigiki, watu hutumia Botim, na kwa miaka miwili amekuwa akinipigia usiku wenzake watano wamelala. Nilikwishazoea kwamba sauti yake ni ile ya kunong'ona. Sasa tuko wawili, mlango umefungwa, bado ananong'ona.

"Baba Rehema, mbona unanong'ona?"

"Mama Rehema, kumbe nanong'ona?" akanong'ona.

Halafu akalala. Mwanamume ambaye zamani alilala kama mishale ya saa, kichwa saa sita, mguu saa tisa, sasa analala kama rula: mikono kifuani, hageuki hadi alfajiri, kwa sababu dabodeka ukigeuka chini, anayumba wa juu. Kwenye sita kwa sita nisingeyajua haya. Ningempa upande wake, naye angenipa wangu, tungeamka tukiulizana habari za asubuhi kama majirani.

Nami nilikuwa na langu la kuungama. Alipouliza nyumbani nalalaje, nikamwambia kweli: nalala pembeni, ukutani, futi tatu tu. Upande wake nimepanga madaftari ya kusahihisha, nguo za kupiga pasi na, msimu wa mitihani, biskuti. Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka kwa sauti yake halisi, ile ya zamani, mpaka jirani akagonga ukuta. Kumbe hatuna sita kwa sita. Tuna tatu kwa sita mbili, moja Mbagala, moja Deira, na katikati kikabati chenye upana wa saa tano na nusu za ndege.

Wapinzani wake hawakosekani. Wa kwanza watasema kunguni. Methali yake ipo: kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Nakubali, na Baba Rehema anawajua kwa majina. Lakini kunguni ni kiumbe wa jamii, hukaa penye watu. Sita kwa sita ya mtu mmoja haina hata kunguni wa kumlalamikia.

Wa pili ni kungwi wangu. Alinifunda kwamba kitanda cha ndoa kiwe kipana ili wenye nyumba wakinuniana wapate pa kugeukia. Ni kweli, Jumamosi tulinuniana. Nilitaka dhahabu ya kuangalia, yeye alitaka nisiione. Soko la dhahabu la Deira liko hatua chache tu kutoka hotelini, na mtu aliyesafiri na cheti cha ndoa ana haki ya kutazama dirishani. Tulirudi hatusemezani. Sasa jaribu kununa juu ya tatu kwa sita. Ukimgeuzia mwenzio mgongo, umemwegemea. Ukivuta shuka kwa hasira, umemvuta na yeye. Tuliamua kulala mzungu wa nne ili nyuso zisikutane, nikajikuta nimekumbatia miguu ya mtu aliyesimama kutwa kwenye ghala la kago. Visigino vyake vimepasuka. Nikaamka kutafuta mafuta, na suluhu ikawa hapo.

Jumapili mji ulijaribu kututenganisha kwa njia nyingine. Metro yao, iliyofunguliwa mwaka 2009, ina behewa la wanawake na watoto, limewekewa alama ya waridi, na mwanamume akivuka mstari anaweza kupigwa faini ya dirham 100. Lilikuwa tupu kiasi, nikaingia nikakaa kifalme. Yeye akabaki upande wa pili wa mstari, amebanwa kati ya mabega ya watu, ananitazama. Nafasi ilikuwa tele, nami nikaiacha kituo cha pili nikaenda kubanwa naye. Jioni tulivuka Hori la Dubai, ule mkono wa bahari, kwa abra, vile vivuko vidogo vya mbao vya dirham moja, abiria tumeketi bega kwa bega kama viazi gengeni. Ilikuwa safari nzuri kuliko zote, na kiti changu hakikufika hata futi moja na nusu.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa mashati saba yenye vifungo vilivyong'oka. Nilikaa kitandani nikashona, yeye amekaa miguuni ananichagulia vifungo, maana pengine pa kukaa hapakuwapo. Kiti kilikuwa na taulo na kitanda cha pili kilikuwa na mwenyewe, sanduku. Ndipo akaniambia kuhusu kanga. Miaka miwili iliyopita kanga yangu moja ilipotea, nikamshutumu wifi yangu. Kumbe aliondoka nayo yeye. Ameitundika kuzunguka kitanda chake cha chini iwe pazia, na jina la kanga amelielekeza ndani. Jina lenyewe nalijua, lakini halikuhusu. Wifi nimemwomba radhi kwa kilo moja ya tende.

Chumba chenye kitanda hicho sikukiona. Ni cha wanaume, mwanamke hapandi. Jumatatu kabla ya kwenda uwanja wa ndege alinipitisha mtaani, akanyoosha kidole: ghorofa ya tatu, dirisha la pili, lenye kiyoyozi kinachodondosha maji. Nikakitazama kwa heshima kuliko nilivyoutazama Burj Khalifa.

Nimerudi. Shangazi zake wamekuja kuuliza nimeona nini. Nikawaambia nimeona tatu kwa sita. Wakanipa pole kwa pamoja, mmoja akashika kifua. Usiku huo nilitoa madaftari upande wake wa kitanda, nikayapanga mvunguni, nikajaribu kulala katikati. Sikupata usingizi, nikarudi ukutani, futi zangu tatu.

Kwa hiyo wewe msomaji mwenye sita kwa sita, na mwenzio yumo humo humo nyumbani, kabla hujanipa pole kama shangazi hao, fanya zoezi dogo la darasa la nne. Tafuta futi kamba. Usiku wa leo, mkishalala, pima mnatumia futi ngapi, na katikati yenu mmeweka nini.