Raha ya Kuvutwa kwa Kamba

Meli ya kitalii ya Costa Allegra huonewa bure. Februari 27, 2012, ikitoka Madagaska kwenda Shelisheli, moto ulizuka kwenye majenereta. Ikabaki inaelea na watu zaidi ya 1,000. Hapo ndipo utalii ulipoanza: kiyoyozi kimezima, vyoo vimegoma, chakula ni cha baridi, na watu wanalala sitahani chini ya nyota, tena bila kuongezwa bei hata senti.

Siku za mwisho ikavutwa na meli ya Kifaransa ya kuvua jodari mpaka Mahé, ikafika Machi 1. Msafara wa heshima!

Kongowe ya Kibaha raha hizo zipo kila asubuhi, kwa nauli ya daladala tu. Dirisha limekwama, mguu mmoja uko hewani, na konda anaapa kwamba nyuma kweupe. Gari likizima, abiria hushuka kusukuma, burudani waliyonyimwa wenzao wa Allegra. Mamia ya hao walidekezwa kwa kulipiwa mapumziko Shelisheli. Wa Kongowe hawaharibiwi hivyo: konda huwahamishia kwenye gari la mwenzake, wakasimame vilevile.